Mnyama akifuata maji, mwindaji afuate nini?

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, kwenye baraza moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa, picha ilipita mkono kwa mkono. Ilikuwa ndani ya simu ya kijana ambaye nduguye anafanya kazi Marekani, katika jimbo la Arizona. Ilimwonyesha mtu amepiga magoti, bunduki mapajani, kando ya mnyama aliyelala ubavu. Mnyama mwenyewe ni mkubwa kama ng'ombe dume, shingo yake ina manyoya meusi, na pembe zimetanda kama matawi ya mkoko uliopukutika majani. Hatua chache nyuma yao palikuwa na hori la maji. Kwingine kote ni vumbi.

Mabishano yakaanza, kama ilivyo ada ya baraza. Mmoja alisema huyo ni kongoni wa Kizungu. Mwingine akauliza kama nyama yake ni halali. Wa tatu akataka kujua pembe kama zile zauzwa kwa bei gani. Mzee aliyeshika dele la kahawa aliitazama picha kwa muda, akairudisha, kisha akauliza swali moja tu: "Na maji yale, nani kayaweka pale?"

Ndugu msomaji, mzee yule hajapata kufika Marekani, walakini swali lake ndilo linalowagawanya wawindaji wa huko tangu ukame mkubwa wa miaka ya 2020 hadi 2022. Si swali la bunduki wala la leseni. Ni swali la maji. Na kwa kuwa sisi nasi tuna mbuga, tuna kiangazi na tuna dini inayosema juu ya mawindo na juu ya maji, yafaa tulitazame kwa makini.

MNYAMA MWENYEWE

Mnyama wa picha ile Wamarekani humwita elki. Wenyeji wa asili wa nchi ile walimwita wapiti, maana yake mwenye sehemu nyeupe nyuma, na jina hilo ndilo tutakalolitumia. Ni wa ukoo wa paa wakubwa wa nchi za baridi. Dume lililokomaa la milima ya Rocky huweza kufika kilo 300 na zaidi.

Pembe zake si kama za nyati au za pofu, ambazo mnyama hukaa nazo maisha yake yote. Za wapiti ni mfupa mtupu. Huanguka kila mwaka mwishoni mwa majira ya baridi, zikaanza kuota upya. Katika siku za kiangazi chao huweza kurefuka kwa sentimita mbili na zaidi kwa siku moja. Ifikapo mwezi wa Agosti zimekwisha kukauka, na mwezi wa Septemba dume huzitumia kupigania majike, huku akilia kwa sauti nyembamba kama ya zumari, ambayo husikika mbali bondeni.

Inasemekana kwamba kabla ya Wazungu kuingia, wapiti walikuwa wapata milioni kumi katika bara lile. Ilipofika mwaka wa 1900 walikuwa hawafiki 100,000. Wale wa asili wa Arizona walikwisha kabisa. Wapiti walioko huko leo ni kizazi cha wanyama waliochukuliwa mbuga ya Yellowstone wakasafirishwa kwa garimoshi mwaka wa 1913. Kwa hiyo mnyama aliyepigwa picha kando ya hori ni mgeni aliyeletwa na binadamu, akawekwa mahali pakavu na binadamu. Jambo hili tulishike, kwa maana tutalirudia.

PEMBE NA MVUA

Nchi ya Arizona hutegemea theluji ya milimani na mvua za mwezi wa Julai na Agosti. Mvua hizo huziita monsuni, neno lililotokana na mawsim la Kiarabu, ndilo lile lile lililotupa sisi neno msimu. Wao na sisi tumeazima kwa mwalimu mmoja. Lakini mwaka wa 2020 msimu wao ulikataa, mvua zikawa haba kupita kiasi. Mwezi wa Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu wa maji ya mto Colorado kwa mara ya kwanza katika historia ya mto huo. Mwaka wa 2022 ziwa Mead, lililotengenezwa kwa bwawa katika miaka ya 1930, lilishuka kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa. Wataalamu waliosoma pete za miti ya kale walisema kwamba miaka 22 kuanzia 2000 hadi 2021 ilikuwa mikavu kuliko muda wowote kama huo katika miaka 1,200.

Ukame humwathirije dume la wapiti? Kwanza humpunguzia pembe. Mwili wa mnyama hujilisha wenyewe kabla ya kulisha pembe, nazo zataka protini na madini mengi ya majani mabichi. Majani yakikauka mapema, pembe hutoka nyembamba au fupi. Pili, humdhoofisha. Msimu wa kupandana dume hali sana, hushinda akikimbiza wenzake, na akiingia majira ya baridi hana akiba ya mafuta. Tatu, na hili ndilo kubwa, humpiga jike. Jike aliyekonda huweza asishike mimba, na akishika, ndama huzaliwa mnyonge.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Husemwa kwamba kuwinda wakati wa ukame ni kuwasaidia wanyama, kwa kuwa wakipungua majani yatawatosha waliobaki. Maneno hayo yana ukweli, lakini ukweli wake ni juu ya majike. Dume mmoja huweza kupanda majike kumi na tano au zaidi. Ukiua madume wachache wenye pembe kubwa, idadi ya ndama wa mwaka ujao haibadiliki kwa kiasi cha kutajika, wala majani hayaongezeki. Idara za wanyama pori huko zikitaka kupunguza kundi, hutoa vibali vya majike. Basi anayekwenda kutafuta dume la pembe kubwa katika mwaka wa njaa asijifiche nyuma ya hoja ya kuokoa malisho. Ameifuata pembe.

Na pembe ina daftari lake. Ipo klabu inayoitwa Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka wa 1887, ambayo hupima pembe kwa inchi na kuandika hesabu vitabuni. Wapiti wa pembe za kawaida hawezi kuingia katika orodha yake kuu asipofika alama 375. Kibali cha kuwinda dume katika wilaya zilizo nzuri hupatikana kwa kura, na wapo watu wanaoingojea kura hiyo miaka kumi au ishirini. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtu amengoja miaka yote hiyo, na mwaka jina lake linapotoka ndio mwaka wa kiangazi. Je, atakaa nyumbani?

BIRIKA LENYE JICHO

Sasa tumjibu mzee wa dele la kahawa. Maji yale nani kayaweka?

Twajua sisi watu wa pwani maana ya birika. Misikiti yetu ya kale, kuanzia Lamu hadi Vanga, ilikuwa na birika la kutawadhia. Arizona nayo ina mabirika yapatayo 3,000 yaliyojengwa porini kwa ajili ya wanyama. Hutandikwa bati au sakafu kubwa juu ya ardhi, mvua ikinyesha maji hutiririka mpaka tangini, na kando huwekwa hori ambalo mnyama hufika kunywa. Mvua isiponyesha, idara ya wanyama pori ya jimbo hupeleka maji kwa malori, na mahali pasipofikika kwa gari hupelekwa kwa helikopta. Katika mwaka wa ukame maji hayo huhesabiwa kwa mamilioni ya lita.

Pesa za kazi hiyo zatoka wapi? Hapa lazima tuseme haki. Sehemu kubwa yatoka kwa wawindaji wenyewe: ada za leseni, michango ya vyama vyao, na kodi ya asilimia 11 ambayo Marekani hutoza bunduki na risasi tangu mwaka wa 1937 kwa ajili ya wanyama pori. Vibali vichache maalumu huuzwa kwa mnada, na vimepata kufika zaidi ya dola 100,000 kwa kibali kimoja. Mtu asiyewinda hunywa chai yake mjini na kusikitika. Mwindaji ndiye aliyelipia lori la maji. Wenye kutetea uwindaji hulisema hili kila mara, nao hawasemi uongo.

Lakini tazama yaliyofuata. Zilipokuja kamera ndogo za kufunga kwenye mti, zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, wawindaji na watu wanaolipwa kuwaongoza walizifunga kwenye mabirika yale yale. Baadhi yake hupeleka picha moja kwa moja mpaka kwenye simu ya mwenyewe. Katika nchi yenye mito kila bonde kamera moja si kitu, kwani mnyama ana njia mia. Katika nchi iliyokauka mnyama ana birika moja. Mtu aweza kukaa nyumbani kwake, maili mia mbili kutoka porini, akajua dume gani hunywa wapi, saa ngapi, na pembe zake ni inchi ngapi. Siku ya kufunguliwa kwa msimu huenda kumchukua kama mtu aliyeagiza mzigo bandarini.

Yapo mabirika yaliyofungwa makumi ya kamera, na watu wakigombana nani amefika kwanza, huku wenye kamera wakiingia na kutoka na wanyama wakiogopa kusogea. Wawindaji wenyewe, si maadui wa uwindaji peke yao, wakaanza kulalamika. Mwezi wa Juni 2021, ukame ukiwa umepamba moto, tume ya wanyama pori ya Arizona ilipitisha kanuni kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2022 ni marufuku kutumia kamera hizo kwa ajili ya kuwinda. Jimbo jirani la Utah nalo likazizuia katika miezi ya mawindo.

Arizona ilikuwa na sheria nyingine kabla ya hiyo, nayo yapendeza kuitaja. Hairuhusiwi mtu kupiga kambi karibu ya robo maili na maji ya porini, ikiwa kambi hiyo itawazuia wanyama au mifugo kuyafikia maji pekee yaliyopo. Angalia busara yake. Sheria haisemi kwamba maji ni ya mnyama wala kwamba ni ya mtu. Yasema tu kwamba mwenye nguvu asikae kati ya mwenye kiu na maji.

KIU NI KAMBA

Kisa kimoja cha kale chafafanua jambo hili kuliko hotuba nyingi. Mwanzilishi mmojawapo wa klabu ile ya Boone and Crockett alikuwa Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani. Watu wa Mombasa walimwona kwa macho yao, maana alishuka hapa mwezi wa Aprili 1909, akapanda reli kwenda bara na mwanawe Kermit. Katika safari ile iliyofika hadi Sudan wawili hao waliua wanyama 512, kwa hesabu yake mwenyewe, wengi wao wakipelekwa kwenye nyumba ya makumbusho ya Smithsonian. Kwa hiyo hatumtaji hapa kama mtu aliyewahurumia wanyama.

Walakini miaka saba kabla ya kuja kwetu, mwezi wa Novemba 1902, alikuwa akiwinda dubu katika jimbo la Mississippi bila mafanikio. Waongozaji wake wakamkamata dubu mmoja, wakamfunga kamba mtini, wakamwita rais aje ampige risasi. Roosevelt akakataa. Alisema si uungwana kumpiga mnyama aliyefungwa. Na kwa kuwa dubu alikuwa ameumia, akaamuru wengine wamwue asiteseke. Habari hiyo ilienea magazetini, na kutokana nayo yule mwanasesere wa dubu anayechezewa na watoto duniani kote akapewa jina la kifupi la rais huyo.

Klabu yake iliijenga kanuni juu ya fikira hiyo: mawindo ni halali ikiwa mnyama ana nafasi ya kweli ya kuponyoka. Aliyefungwa kamba hana nafasi. Aliyezungushiwa ua hana nafasi. Basi tuulize, je, mnyama ambaye katika mwendo wa siku nzima pana birika moja tu, naye lazima anywe au afe, ana nafasi gani? Kamba ya dubu ilionekana kwa macho. Kamba ya wapiti haionekani, lakini imemfunga. Kiu ni kamba.

Atasema mtu: tangu dunia iwe dunia mwindaji amemvizia mnyama kwenye maji, na simba hufanya hivyo kila siku. Ni kweli. Na mwenye upinde anayekaa kimya karibu na maji, akiwa hana uhakika wa kumwona mnyama, hajavunja sheria ya Arizona mpaka leo. Tofauti ni kwamba simba hakulijenga birika. Aliyelijenga birika akamwita mnyama, kisha akamngojea na bunduki, amefanya mambo mawili yasiyokaa pamoja. Mkono uliotoa maji ndio uliotega.

WASIOWINDWA NAO HUFA

Hata hivyo tusifanye haraka kusema kwamba dawa ni kukomesha uwindaji tu. Huko huko Marekani, katika pwani ya California, ipo hifadhi ya Point Reyes yenye wapiti wa aina ndogo. Hawawindwi. Kundi moja liliwekwa kwenye rasi tangu mwaka wa 1978 na kuzungushiwa ua, ili wasiingie katika malisho ya ng'ombe. Ukame ulipokuja, kundi hilo lilishuka kutoka 540 mwaka wa 2012 hadi 286 mwaka wa 2014. Lilipopata nguvu tena ukaja ukame wa pili, nalo likapungua kutoka 445 hadi 293. Hakuna hata mmoja aliyepigwa risasi. Waliuawa na njaa, na ua ukawazuia kwenda kutafuta. Mwisho wa mwaka wa 2024 wenye hifadhi walianza kuuondoa ua huo.

Na sisi je? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara nayo ikafungwa. Ni jambo la kujivunia. Lakini kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali yetu ilihesabu ndovu 205, punda milia wa kawaida 381 na nyumbu zaidi ya 500 waliokufa kwa ukame. Wazee wa Voi na Sagalla wakumbuka kiangazi cha 1970 na 1971, ambapo ndovu wapatao 6,000 walikufa katika Tsavo, wengi wao majike na watoto wao. Risasi tuliizuia, kiu hatukuizuia. Wapo watu wa Taita waliojitolea kupeleka maji kwa malori ndani ya mbuga, na hapana shaka wana thawabu yao, lakini lori la mtu mmoja si sera ya nchi.

Wengine wamechukua njia nyingine. Mwaka wa 2024, kwa ajili ya ukame, Namibia iliamuru kuuawa wanyama pori 723, wakiwemo ndovu 83, na nyama igawiwe wenye njaa. Yako mabishano juu ya jambo hilo pia. Lakini angalau nia yake yajulikana: nyama kwa tumbo tupu. Haikuwa kichwa cha kutundika ukutani.

MAWINDO NA NIA

Kijana wa barazani aliuliza kama nyama ya wapiti ni halali. Mnyama mwenyewe ni mla majani mwenye kucheua, wala hana kosa, yakitimizwa masharti ya kumtaja Mwenyezi Mungu na mengineyo yaliyoelezwa na wanavyuoni. Uwindaji wa kutafuta chakula umeruhusiwa wazi. Lililochukiwa ni kuua kwa mchezo, kutoa roho bila ya haja. Wawindaji wengi wa Arizona hula nyama yao, na sheria ya huko haimruhusu mtu kuiacha ioze porini. Hatuna haki ya kuwatia wote katika kapu moja.

Lakini dini yetu inasema na juu ya mahali na wakati. Kila aliyekwenda Hija anajua kwamba akivaa ihramu hawindi mnyama wa nchi kavu. Suratul Maida imetaja mtihani wenyewe: mawindo kusogezwa karibu mno hata mkono ungeyafikia, kisha mkono ukazuiwa. Hapo wepesi wa kumpata mnyama haukuwa idhini, ulikuwa mtihani. Na fikihi yetu ina mlango unaoitwa haki ya kunywa, ambayo ni ya mtu na ya mnyama, na mwenye kisima hana ruhusa ya kumnyima mwenye kiu maji yaliyozidi haja yake. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa, akasamehewa kwa ajili hiyo.

Ukiyaweka hayo pamoja, jibu si gumu. Awindaye kwa leseni, akala nyama yake, akamfuata mnyama porini kwa miguu yake, huyo ana hoja. Awekaye maji wakati wa ukame amefanya wema mkubwa, hata kama nia yake ya kwanza ilikuwa pembe. Lakini akishayaweka, maji yale yametoka mkononi mwake, yamekuwa amana. Hana ruhusa ya kuyageuza mtego. Arizona, nchi ya bunduki, ilikubali sehemu ya maneno hayo mwaka wa 2022 ilipoziondoa kamera. Na sisi wenye kujivunia kuzima bunduki tangu 1977 twapaswa kuikubali sehemu iliyobaki: kwamba kutoua hakutoshi, ikiwa njia za kwenda mtoni tumeziziba kwa mashamba na nyua, kisha tukaketi kuhesabu mizoga.

Nilirudi kwenye ile baraza juma lililofuata, nikamweleza mzee habari za mabirika, malori na kamera. Akasikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kikombe cha kahawa. Kisha akasema, "Basi yule bwana alilipa maji, akalipa kibali, akalipa na risasi. Lakini mnyama alidhani ni mgeni wake."